Kisichobebeka Hakina Bei: Nyumba, Samani na Mpunga wa Malinyi Kati ya Vita Vikuu Viwili

Mtu atakaye kuielewa tijara ya bonde la Kilombero katika miaka iliyo baina ya kumalizika kwa vita vikuu vya kwanza, 1918, na kuzuka kwa vile vya pili, 1939, hana budi aanze na mto kabla ya kulitazama soko. Kwa maana Malinyi, pamoja na Utengule, Mtimbira na Itete, iko ng'ambo ya kusini, na kila gunia la mchele lililokusudiwa kutoka, na kila jora la kaniki lililokusudiwa kuingia, ilibidi livuke maji hayo, kisha lipite Ifakara, kisha livuke tena Ruaha pale Kidatu, ndipo lifike Kilosa kwenye reli ya kati, masafa ya zaidi ya kilomita 150 kutoka Ifakara peke yake. Kwa hiyo kaida moja iliitawala biashara yote ya pande hizo, nayo ni kwamba kitu kilichobebeka kilipata bei, na kisichobebeka hakikupata, hata kama mwenyewe alikithamini kuliko mali yake yote.

Nyumba ndiyo iliyobebeka kwa shida kuliko vyote. Sheria ya Ardhi ya 1923 iliifanya ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya mamlaka ya Gavana, ambaye aliweza kutoa haki ya kuikalia kwa muda usiozidi miaka 99, na katika mwaka 1928 ikarekebishwa ili mwenyeji aishiye kwa mila ya kwao naye ahesabiwe kuwa ana haki hiyo. Malinyi, ambako Mtema wa Wabena wa Mito, Towegale Kiwanga, aliyekuwa na makao yake Utengule, alitawala kwa utaratibu ule ambao Gavana Donald Cameron aliuthibitisha kwa sheria ya 1926, kiwanja kilikuwa kitu cha kupewa na wakubwa wa mahali, wala hakikuwa bidhaa ya kununuliwa. Juu ya kiwanja hicho ilisimama nyumba ya nguzo, fito, udongo na nyasi, ambayo jirani akiitamani huona ni afadhali akate miti yake mwenyewe, awaite nduguze kumsaidia na awapikie. Tena wengi walikuwa na makao mawili, yale ya kijijini na dungu la shambani lililoinuliwa juu ya nguzo, walikohamia msimu wa mpunga kuwafukuza ndege na nguruwe. Na dungu, ambalo pasipo hilo hapakuwa na mavuno, halikuwa na mnunuzi.

Mambo hayakuwa hivyo pwani. Dar es Salaam na Tanga, nyumba na mashamba ya Wajerumani, ambayo Waingereza waliyatwaa na kuyaweka chini ya msimamizi wa mali za adui, yalinadiwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Wahindi, Wagiriki na Waingereza wakayanunua kabla Wajerumani hawajaruhusiwa kurejea nchini mwaka 1925. Unguja nako shamba la mikarafuu liliwekwa rehani, na deni likazidi hata serikali ikatoa amri mwaka 1934 ya kuyazuia mashamba yasihame mikononi mwa wenyewe. Mkulima wa Malinyi aliepukana na balaa hilo kwa kuwa hakuwa na hati ya kuweka rehani. Lakini kwa sababu iyo hiyo, alipokuwa na dhiki, hakuwa na dhamana ya kumwonyesha mwenye duka isipokuwa mpunga uliokuwa ungali shambani.

Samani zilikuwa chache, na habari zake ni fupi. Vitu vya mwenye nyumba wa kawaida vilikuwa kitanda cha kamba, mikeka ya ukindu, kigoda, kinu na mchi, na sanduku la nguo lenye kufuli. Navyo vyote, ila sanduku, vilitengenezwa papo hapo na watu waliojuana. Kilichokuwa na soko la kweli ni mbao. Mvule na mninga vilipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwenzake shimoni, na mafundi seremala wakatoa milango, miimo, meza na makabati kwa maduka, kwa maboma na kwa misheni za Wakapuchini wa Uswisi, waliozipokea kazi za Wabenedikti mwaka 1921. Katika nyumba nzima mlango ndio uliokuwa fedha: mwenye kuhama aliweza kuubandua na bawaba zake akautia mtumbwini, na kuta akaziachia mvua.

Sasa mpunga, ambao ndio uhai wa bonde. Kabla ya vita vya kwanza nchi ya Mahenge, ambayo bonde hili lilikuwa sehemu yake, ilijulikana kwa wafanyabiashara kwa sababu ya mpira wa mwitu na pembe za ndovu, bidhaa nyepesi zenye thamani kubwa, ambazo ziliweza kubebwa vichwani hadi pwani na bado zikaacha faida. Lakini bei ya mpira ilianguka vibaya mwaka 1913, na mchele hauwezi kufanya kazi iliyofanywa na mpira. Piga hesabu: mpagazi alibeba ratili kama 60, na posho yake ya siku ilikuwa kibaba kimoja, yaani ratili moja na nusu hivi, akienda siku nane na kurudi siku nane, atakuwa amekula vibaba 16, ambavyo ni ratili 24, na ujira wake haujatajwa. Mchele wa namna hiyo, ukihesabu kwenda Kilosa na kurudi, huliwa sehemu mbili katika tano, na mnunuzi aliyepo kituoni, ambaye anaweza kuupata wa mahali pengine uliokuja kwa gari la moshi, hana sababu ya kumlipa mtu gharama ya njaa ya njiani.

Ndipo ukaonekana umuhimu wa Wandamba, mabaharia wa mto huu, ambao naona waandishi wa habari za uchumi wamewadhulumu kwa kutowataja. Mtumbwi mmoja wa gogo, ukiongozwa kwa upondo na watu wanaoyajua maji ya masika na mafungu ya kiangazi, ulichukua magunia ambayo yangehitaji msururu wa wapagazi. Lakini mto nao ulikuwa na mpaka wake. Kuelekea chini, Kilombero hukutana na Luwegu kwenye maporomoko ya Shuguli na kuwa Rufiji, na maporomoko hayo yaliizuia njia ya maji ya kwenda baharini. Kwa hiyo mzigo ulishuka Ifakara, na hapo ndipo bei ilipokatwa. Wenye maduka wa Kihindi na Kiarabu, waliokuwa na maghala, mizani na, kadiri miaka ilivyopita, malori ya kusafiri wakati wa kiangazi, walinunua kwa pishi, kwa debe na kwa frasila, na mkulima aliyesafiri siku kadhaa na mpunga wake hakuweza kuurudisha kwao ati kwa sababu bei haikumpendeza.

Fedha yenyewe ilimchanganya. Alikuwa amezoea rupia na heller za Mjerumani; mwaka 1920 ikaja florini, na mwaka uliofuata shilingi ya Afrika Mashariki, mbili kwa florini moja, na kodi ya kichwa na ya nyumba ilidaiwa kwa sarafu mpya. Wenye maduka nao walikuwa na magomvi yao na serikali: mwaka 1923 Wahindi wa Tanganyika nzima walifunga maduka kwa wiki kadhaa kupinga kodi ya faida na sheria za leseni na za wachuuzi. Kisha kulikuwa na sheria iliyomkataza mfanyabiashara kumdai mwenyeji mahakamani, isipokuwa mkopo umeidhinishwa kwa maandishi na ofisa wa serikali. Nia ilikuwa kumlinda mkulima, na siikatai nia hiyo. Ila sheria haikuweza kuiondoa haja ya chumvi na nguo katika miezi ya Januari na Februari, wakati ghala ni tupu, na deni lisiloandikwa lilifidiwa kwa bei ndogo ya mavuno.

Mdororo ulioanza 1929 uliangusha bei za mazao ulimwenguni. Mkulima alipata nafuu moja tu, kanga na mashati rahisi kutoka Japani, ambayo yalifurika kwa kuwa mikataba ya Bonde la Kongo iliikataza Tanganyika kutoza ushuru wa upendeleo. Hasara iliyo kubwa zaidi ilikuwa ya reli. Mhandisi Clement Gillman alikuwa amekwisha kupima njia ya kuelekea kusini magharibi, na taarifa yake ya 1929 ikalitaja bonde hili kuwa ndilo mapito yake. Fedha zikakosekana, na reli haikupita Ifakara hadi ile ya TAZARA katika miaka ya 1970, nayo ikapita upande wa kaskazini wa mto, ikiiacha Malinyi ng'ambo kama zamani.

Katika dhiki hiyo serikali ilihimiza pamba, kwani ilitaka zao ambalo halina kazi nyingine ila kuuzwa. Watu wa bonde wengi hawakuvutiwa, na maofisa kadha wa kadha wakawaita wazito wa kujifunza. Naona kwamba walikuwa wamehesabu kuliko maofisa, hasa wanawake, ambao jembe na palizi vilikuwa juu yao, na pamba iliwataka katika siku zile zile ambazo mpunga uliwataka. Pamba ikikosa lori ilikuwa hasara tupu. Mpunga ambao haukupata mnunuzi mwezi Juni ulirudi ghalani, ukalisha nyumba, ukawalipa waliokuja kusaidia palizi, ukapelekwa kwa wakwe, na uliobaki ukatengwa uwe mbegu ya Desemba.