Hatua 1,432 Zilizopotea

Muulize mama lishe wa Buguruni kama anafanya mazoezi, atakujibu hana nafasi hiyo. Ameamka saa kumi alfajiri, ameteka maji, amekwenda sokoni akarudi na mzigo kichwani, ameinama na kuinuka mbele ya jiko mchana kutwa, na jioni atarudi Mbagala akiwa amesimama ndani ya daladala. Kwa vipimo tunavyotumia sisi watu wa fiziotherapia, mwili wake umefanya kazi kuliko ya wengi wanaolipia ada ya ukumbi wa mazoezi. Ila yeye hiyo anaiita kutafuta riziki.

Nimeanza naye kwa sababu mengi yaliyoandikwa kuhusu korona na mazoezi yalimlenga mtu mwingine kabisa: yule ambaye jimu yake ilifungwa, akatandika mkeka sebuleni na kufuata video kwenye simu. Mtu huyo yupo, na shida yake ilikuwa ya kweli. Lakini kubwa lililopotea mwaka 2020 ni mwendo wa kawaida, wa kwenda kituoni, sokoni, shuleni, msikitini, kanisani, msibani. Hakuna aliyekuwa akiuhesabu mpaka ulipokatika.

Simu ziliuhesabu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walikusanya hesabu za hatua za watu 455,404 katika nchi 187, wote wakitumia programu moja ya afya kwenye simu janja. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba korona imekuwa janga la dunia. Siku 10 baada ya tangazo hilo, hatua za kila mtu kwa siku zilikuwa zimepungua kwa wastani wa asilimia 5.5. Siku 30 baada ya tangazo upungufu ulifika asilimia 27.3, yaani hatua 1,432 kwa siku. Hiyo ni kama kilomita moja, mwendo wa robo saa hivi. Kumbuka pia kwamba hao ni watu waliojali afya zao kiasi cha kupakua programu ya kuhesabia hatua.

Wastani huo unaficha tofauti kubwa. Italia, ambako watu walifungiwa ndani, hatua zilishuka karibu nusu. Uswidi, ambako serikali iliomba zaidi kuliko kuamuru, zilishuka kwa takriban asilimia 7 tu. Virusi vilikuwa vilevile. Kilichopunguza mwendo wa watu kwa kiasi kikubwa ni amri iliyotolewa, na namna ilivyotolewa.

Afrika Mashariki tuna mfano wetu. Uganda ilisimamisha usafiri wa umma mwishoni mwa Machi 2020, na magari binafsi yakafuata siku chache baadaye. Kwa muda Kampala ikawa mji wa waenda kwa miguu. Watu waliokuwa wakipanda teksi na bodaboda sasa walitembea saa nzima au mbili kwenda kazini, wauguzi wakiwamo. Jioni wengine walimiminika barabarani kukimbia kwa makundi, kwa kuwa barabara zilikuwa tupu na nyumba zimejaa. Aprili, Rais Yoweri Museveni akapiga marufuku mazoezi ya nje, kisha akatoa video akiwa peku ndani ya ofisi yake, akikimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine na kupiga pushapu 30. Alikuwa na umri wa miaka 75.

Naiheshimu video ile. Iliwaonyesha mamilioni ya watu kwamba mwili ukitaka kazi hauhitaji chuma wala mashine, na kwamba mtu wa miaka 75 anaweza kuushusha mwili wake sakafuni na kuuinua. Kwa mgonjwa wangu mwenye miaka 60 anayesema umri umekwenda, huo ni ushahidi tosha. Tatizo ni nafasi. Ofisi ya Ikulu ina zulia la kukimbilia. Chumba kimoja cha kupanga, chenye kitanda, jiko, ndoo za maji na watoto watatu, hakina hatua tano zilizo wazi. Kumwambia mtu wa chumba hicho afanye mazoezi ndani ni kumwambia asiyafanye.

Siwahukumu viongozi wa wakati ule kwa elimu tuliyoipata baadaye. Aprili 2020 wengi hatukuwa na uhakika kwamba hatari ya kuambukizana nje, kwenye hewa inayozunguka, ni ndogo sana ikilinganishwa na ndani. Lakini Hispania, iliyokuwa na marufuku kali kuliko nyingi za Ulaya, ilipata njia ya kati kuanzia tarehe 2 Mei: iligawa siku kwa zamu. Watu wazima walitoka asubuhi mapema na usiku, wazee walipewa saa zao, watoto saa zao. Msongamano ulizuiwa bila kuuzuia mwendo wenyewe. Tutapata milipuko mingine, na ningependa waandaao mipango ya dharura katika wizara zetu wawe na karatasi ya namna hiyo mezani tangu siku ya kwanza.

Sasa tuje mwilini, maana hapa ndipo watu wengi hudhani kukaa wiki mbili ni kupumzika tu. Misuli, hasa ya mapaja na matako, ndiyo ghala kubwa la kupokea sukari baada ya mlo. Msuli unapofanya kazi hufungua milango yake na kuivuta sukari kutoka kwenye damu hata bila kusubiri insulini. Msuli ukitulia, mzigo wote unabaki kwa insulini, na kongosho linalazimika kutoa zaidi. Watafiti wa Copenhagen, Denmark, waliwachukua vijana 10 wenye afya njema na kuwaomba wapunguze hatua zao kutoka zaidi ya 10,000 kwa siku hadi takriban 1,350, kwa wiki mbili tu. Hakuna aliyeugua. Wiki mbili zilipokwisha, miili yao iliitikia insulini kwa uhafifu zaidi, misuli ya miguu ilikuwa imepungua kwa karibu asilimia 3, na uwezo wao wa pumzi umeshuka kwa asilimia 7.

Utafiti mwingine ni wa zamani zaidi, na ndio ninaopenda kuusimulia kuliko wote. Mwaka 1966 vijana watano wenye umri wa miaka 20 au karibu na hapo, mjini Dallas, Marekani, walikubali kulala kitandani wiki tatu mfululizo. Walipoinuka, uwezo wao wa juu wa kuvuta na kutumia oksijeni ulikuwa umeporomoka kwa zaidi ya robo. Moyo ulikuwa ukisukuma damu kidogo zaidi kwa kila pigo. Wawili kati yao walikuwa wanamichezo, na hao ndio waliochukua muda mrefu zaidi kurudi walikokuwa, kwa sababu walikuwa wameanguka kutoka juu zaidi. Nitawarudia vijana hawa.

Ukiyaweka hayo kando ya korona yenyewe, utaona jambo linalosikitisha. Ugonjwa huu uliwaumiza zaidi wenye kisukari, wenye uzito mkubwa na wenye maradhi ya moyo, na kutotembea kunalisha yote matatu. Kusini mwa California zilichambuliwa kumbukumbu za wagonjwa 48,440 wa korona ambao madaktari walikuwa wamewauliza kuhusu mazoezi katika miaka miwili kabla ya janga. Wale ambao hawakuwa wakijishughulisha kabisa walifariki kwa kiwango cha karibu mara mbili na nusu ya wale waliotimiza dakika 150 kwa wiki. Utafiti wa aina hii hauthibitishi kwamba mwendo peke yake ndio uliowaokoa hao wengine. Mwenye afya ndiye pia mwenye nguvu ya kutembea. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno kuipuuza.

Watoto nao wana hesabu yao. Tanzania ilifunga shule tarehe 17 Machi 2020 na kuzifungua zote mwishoni mwa Juni. Kenya, madarasa mengi yalisubiri hadi Januari 2021. Uganda yalisubiri hadi Januari 2022. Kwa mtoto, shule ni mwendo wa kwenda na kurudi, ni mchakamchaka wa alfajiri, ni kukimbizana wakati wa mapumziko, mambo ambayo hayamo kwenye mtihani wowote. Hata macho yaliathirika. Katika mji wa Feicheng nchini China, watoto wa miaka 6 wasioona mbali vizuri walikuwa asilimia 5.7 katika mwaka mbaya kuliko yote kati ya 2015 na 2019. Mwaka 2020 wakawa asilimia 21.5. Jicho linalokua linahitaji mwanga wa nje.

Lakini wanaonipa wasiwasi zaidi ni wazee. Tuliwafungia ndani kwa mapenzi. “Mama, usitoke, nitakuletea kila kitu.” Tukawaletea chakula, dawa na maji, na katika kuwaletea tukawanyang'anya ile safari ya dukani iliyokuwa ikiyatunza mapaja yao. Mzee hupoteza msuli upesi na huurudisha taratibu. Kama una mzazi nyumbani, mwangalie anavyoinuka kwenye kiti. Akiinuka bila kushika, mara tano mfululizo, ni vizuri. Akilazimika kujisukuma kwa mikono, anza hapo: ainuke na kukaa mara chache, asubuhi na jioni, ukiwa karibu naye. Hakuna dawa ya hospitali itakayofanya kazi hiyo kwa niaba ya mapaja yake.

Kwa aliyeugua korona mwenyewe, au homa nyingine kali, haraka ni hatari. Subiri angalau siku 7 bila dalili yoyote, kisha wiki mbili za mwendo mwepesi kabla ya kuongeza. Maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio ukiwa umekaa au kizunguzungu ni sababu za kumwona daktari. Na wapo wale ambao uchovu huwaangusha siku moja au mbili baada ya kujishughulisha kidogo tu. Hao wasisukumwe wala wasiitwe wavivu. Wajipimie kazi ndogo ndogo na kupumzika kabla hawajachoka.

Novemba 2020, katikati ya janga, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani kwa mtu mzima. Ndani yake liliondoa sharti la zamani kwamba shughuli isiyofika dakika 10 haihesabiki. Kupanda ngazi kunahesabika. Kushuka daladala kituo kimoja kabla ya chako kunahesabika. Mama lishe wa Buguruni aliingizwa rasmi kwenye hesabu. Tangu hapo nimebadili swali langu kliniki. Siulizi tena, “Unafanya mazoezi?” Nauliza, “Jana ulitembea kwenda wapi?” Majibu ninayoyapata ni marefu zaidi, na ya kweli zaidi.

Na wale vijana watano wa Dallas? Miaka 30 baadaye watafiti waliwatafuta, wakawapata wote wakiwa hai, wanaume wa miaka 50 wenye vitambi. Miaka yote hiyo 30 ilikuwa imewapunguzia uwezo wa pumzi kidogo kuliko zile wiki tatu za kitandani. Wakaanzishiwa mazoezi taratibu: kutembea, kukimbia polepole, kuendesha baiskeli, muda ukiongezwa kidogo kidogo. Baada ya miezi sita, uwezo wao ulikuwa umerudi kama ulivyokuwa siku walipoingia kwenye utafiti, wakiwa na miaka 20.