Kabla Fundi Hajachimba Msingi

Nilipokwenda TP mwaka jana nilipangiwa shule ya msingi yenye kitengo cha elimu maalumu. Madarasa mawili yalikuwa mapya kabisa, rangi bado inanukia. Mlangoni kulikuwa na ngazi tatu, na pembeni yake njia ya mteremko ya saruji, ile ambayo mafundi wanaiita rampu. Nikasema moyoni, hapa wamejali. Wiki hiyohiyo nikamwona mvulana wa darasa la nne anaacha kitimwendo chake chini, anapanda ngazi kwa mikono na makalio. Nikamuuliza mbona hapiti kwenye rampu. Akanijibu, "Mwalimu, ile ni ya wageni."

Alikuwa sahihi. Sakafu ilikuwa juu ya ardhi kama sentimeta 45, na rampu yenyewe haikufika hata mita mbili. Kipimo kinachotumika sana ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimeta moja ya kupanda inahitaji sentimeta 12 za urefu. Sasa piga hesabu. 45 mara 12 ni sentimeta 540, yaani karibu mita tano na nusu. Kwenye mita mbili mtoto hawezi kujisukuma mwenyewe, na anayemsukuma anatoka jasho. Kushuka ndiyo usiseme. Mwalimu mmoja alinieleza kwamba fundi alitaka kuirefusha, ila ingekula bustani ya maua. Haya, lakini rampu inaweza kukunjwa katikati, pakawekwa sehemu bapa ya kupumzikia. Ila uamuzi huo ni rahisi kabla ya zege. Baada ya zege ni kubomoa, na hela ya kubomoa haipo.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za majengo ya shule, kazi ambayo sisi wa elimu tumezoea kuwaachia wenzetu wa usanifu. Shule iliyonivutia zaidi iko Glasgow, Uskoti. Inaitwa Hazelwood, ilifunguliwa mwaka 2007 na msanifu wake ni Alan Dunlop. Ilijengwa kwa ajili ya watoto wapatao 60 wenye matatizo ya kuona na kusikia kwa pamoja. Wengine wangeanza kufikiria watoto hao wamekosa nini. Ukiitazama shule yenyewe, utaona imeanzia kwenye kile walichonacho, yaani mikono. Kando ya ukumbi mrefu wa kupitia kuna ukuta uliovishwa gome laini la mti, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa. Mtoto anapitisha kiganja hapo huku anatembea, na kwa mguso tu anajua amefika wapi. Jengo limepindapinda, halikunyooka kama treni, kwa hiyo safari ya kwenda darasani inagawanyika vipande vifupi anavyoweza kuvikariri. Ukuta huohuo una nafasi za kuhifadhia vifaa ndani yake, basi njia inabaki wazi. Anayejua shule zetu zinavyorundika madawati mabovu kwenye veranda ataelewa kwa nini hilo limenigusa.

Sisemi tunakili. Gome hilo kwetu ni ghali, lakini mstari wa vigae vyenye mikwaruzo, au kamba ya katani iliyofungwa ukutani usawa wa kiganja cha mtoto, unaweza kufanya kazi ileile. Na kuna mambo ya Ulaya yasiyotufaa kabisa. Wao hupenda madirisha ya kaskazini kwa sababu jua halipiti huko. Dar es Salaam mwezi wa Juni jua la mchana liko kaskazini! Kwetu cha kuogopa zaidi ni mashariki na magharibi, jua linapokuwa chini na kuingia hadi ubaoni. Mtoto mwenye ualbino akikaa mbele ya mng'ao huo haoni kitu. Yeye pia anahitaji njia yenye paa kutoka darasani hadi chooni, na hii karibu kila ramani inaisahau.

Kwa viziwi, watu wa Chuo Kikuu cha Gallaudet, Washington, walianza mwaka 2005 kuandika kanuni za majengo yanayowafaa. Viziwi wakitembea wanaongea kwa mikono, kwa hiyo njia nyembamba inayowapanga mmoja nyuma ya mwingine inawakatia maongezi. Viti vinakaa nusu duara ili kila mtu aone mikono ya kila mtu. Rangi ya ukuta inatofautiana na rangi ya ngozi. Hapo nikajicheka: mimi mweusi, nasimama mbele ya ubao mweusi, nafundisha kwa ishara. Mikono yangu ilikuwa inapotea.

Halafu kuna bati. Mvua ikinyesha, anayetumia kifaa cha kusaidia kusikia anapata kelele tupu, na mtoto mwenye usonji anaweza kuziba masikio na kulia mpaka iishe. Dari inapunguza sana makelele hayo, lakini pesa zikipungua dari ndiyo hukatwa kwanza. Mimi ningekata marumaru.

Chooni sitaki kukaa sana. Mlango usiopungua sentimeta 90, ufunguke kwa nje, kiti cha kukalia, vyuma vya kushikilia pande zote mbili, na maji yanayofikiwa ukiwa umekaa. Msichana aliyevunja ungo akikosa hivyo, anabaki nyumbani siku zake zote.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu mwaka 2010, sawa. Ila shule nyingi siku hizi zinajengwa kwa fosi akaunti, na kwenye kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi wanakaa walimu. Maana yake ni mimi na wewe, mwaka kesho au keshokutwa, tukiwa wageni kazini na tukiogopa kumbishia mkuu wa shule. Omba ramani uione. Pima rampu kwa hesabu ile ya kumi na mbili. Siku fundi anavuta kamba, mwite mtoto na kitimwendo chake, mchore chini duara la sentimeta 150, umwache azunguke. Akigusa kamba, isogezeni.