Jongoo wa Bamburi na Hesabu ya Tanuri

Mwaka 1971, machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, yalikuwa jangwa la mawe meupe. Kiwanda kilikuwa kimechimba mwamba wa matumbawe tangu 1954, na shimoni hapakubaki udongo wa kuotesha hata majani. Mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alijaribu miti ya aina 26. Zikastahimili tatu tu, mvinje ikiwamo.

Mivinje ilishamiri, ila majani yake membamba yalirundikana chini bila kuoza. Ndipo wakaletwa majongoo. Wakayatafuna, kinyesi chao kikawa mboji, na miti mingine ikapata pa kushika mizizi. Leo pale ni Haller Park, penye viboko, twiga na wageni wanaolipa kiingilio.

Kampuni nyingi huanza mkakati wa uendelevu kwa fulana za kampeni na picha ya mkurugenzi ameshika jembe, hata kama biashara yenyewe haijawahi kukata mti. Bamburi ilianzia kwenye kidonda ilichokitia yenyewe.

Lakini shimo ni lile linaloonekana. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi, yakatoka klinka, kokoto ngumu zinazosagwa baadaye. Zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa ya kazi hiyo hutoka ndani ya mawe yenyewe, si kwenye makaa yanayoyachoma. Kwa hiyo hata tanuri likiwashwa kwa nishati safi kabisa, mawe yataendelea kuitoa.

Hapo ndipo mkakati hupimwa: umelitaja tanuri, au umeishia msituni?

Mwongozo ambao Soko la Hisa la Nairobi lilizitolea kampuni mwaka 2021 unasisitiza jambo hilohilo: kwanza chambua yaliyo mazito kwa biashara na kwa jamii, kisha toa taarifa. Baada ya uchambuzi huja kipimo cha mwaka wa kuanzia, lengo lenye tarehe, bajeti, na mtu wa kuulizwa lengo likikwama.

Dawa za saruji zinajulikana. Sehemu ya klinka hubadilishwa kwa pozolana, majivu ya volkano yanayopatikana Bonde la Ufa. Kwa kiwanda cha aina hii, namba ya kuandikwa ukurasa wa kwanza ni kiasi cha klinka katika mfuko wa kilo 50.