Shokapu Imekufa? Usicheze na Springi!

Gari likigusa shimo linarukaruka kama mbuzi, na mafuta yanachuruzika kwenye shokapu ya mbele? Mshikaji, hiyo imekwisha. Huku Bugomora, kwa makorongo haya ya Kyerwa (tulikuwa Karagwe hadi 2012), shokapu hazizeeki, zinauawa. Wengi tunafungua wenyewe nyumbani. Poa, ila sikiliza.

Jeki peke yake usiiamini hata dakika moja. Egesha pa tambarare, zuia matairi ya nyuma kwa mawe, legeza nati za tairi, nyanyua, weka stendi. Matofali yanapasuka ghafla, achana nayo.

Chomoa klipu ya paipu ya breki, kisha bolti mbili za chini. Breki isining'inie kwenye paipu yake, ifunge kwa waya. Nati za juu zipo chini ya boneti. Toyota nyingi zinazo tatu. Ile ya katikati usiiguse!

Hapo ndipo watu wanapoumia. Springi imebanwa kwa nguvu kubwa. Ukifungua kavukavu inafyatuka kama risasi, inang'oa meno, inaua. Tafuta vibanio viwili vya springi, viweke vikitazamana, kaza kidogo huku, kidogo kule, mpaka springi icheze. Kufunga kwa kamba, kama wanavyofanya wajanja wa kijiweni, ni wazimu. Huna vibanio? Azima, au mpelekee fundi hicho kipande tu.

Ukirudishia, kaza nati ya katikati kwanza ndipo ulegeze vibanio. Badili zote mbili za mbele, kisha ukapime alaimenti.