Gulio la Chichicastenango na Ziwa Atitlán

Watalii wengi wanaolala Antigua, Guatemala, huenda Chichicastenango Alhamisi au Jumapili, siku za gulio, kisha huteremka hadi Ziwa Atitlán na kurudi jioni. Wapo wanaosema safari hiyo ni ya mbiombio, na kwamba kiongozi wa watalii huwageuza Wamaya kuwa maonyesho. Hoja ya muda ni ya kweli. Ile ya pili inasahau soko ni la nani: nyuma ya vibanda vya vinyago, Wak'iche', Wamaya wa eneo hili, wanauziana mahindi, maharagwe, kuku na chokaa ya kuchemshia mahindi ya chapati. Gulio lingekuwapo hata basi la watalii lisipofika.

Hapo ndipo kiongozi mzuri anapohitajika. Asiye naye huona moshi wa ubani kwenye ngazi za kanisa la Santo Tomás, la karne ya 16, akawapiga picha watu wanaosali. Mwenye naye huambiwa ashushe kamera, kisha huelezwa kwamba katika mji huu, mwanzoni mwa karne ya 18, padri Francisco Ximénez alinakili Popol Vuh, masimulizi ya Wak'iche' kuhusu binadamu kuumbwa kwa mahindi. Mahindi yale yale ya gulioni! Ziwani, boti za Panajachel huelekea vijiji vya Watz'utujil, Wamaya wengine, chini ya volkano, ambako lugha tayari ni nyingine. Saa chache hazitoshi kuvijua vijiji hivyo. Zinatosha kununua kitambaa kwa mfumaji mwenyewe, bila kumpunja.