Mteja wa Kariakoo Aandikwe Wapi?

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Methali hii ilifaa siku ambazo muuzaji na mnunuzi walikuwa wakaazi wa mtaa mmoja. Leo mnunuzi wa vitenge vya Mtaa wa Kongo yuko Songea, au Lubumbashi, au Moroni huko Ngazija, na kizuri kisichotajwa hakimfikii. Ndiyo sababu wenye maduka wa Kariakoo wamegeuka kuwa watangazaji. Simu huegemezwa kwenye kaunta, kijana hulitandaza gauni mbele yake, na picha huwa imekwisha kufika Instagram na WhatsApp kabla chai haijapoa. Hatuna neno la kuwalaumu. Kazi hiyo wengi wao wamejifunza wenyewe, na imewaletea riziki.

Neno letu ni jingine. Twauliza: mteja akishapatikana, anaandikwa wapi?

Kwa wengi jibu ni kwamba haandikwi. Yumo ndani ya simu, amechanganyika na mashemeji na kamati za harusi. Au ni mmoja katika maelfu ya wafuasi wa ukurasa ambao mwenye duka hajui majina yao wala miji yao. Na ukurasa wenyewe si mali yake. Ni kibaraza alichopewa bure na kampuni ya Marekani, ambayo huamua ni nani aonyeshwe picha ipi na saa ngapi, na ambayo yaweza kukifunga kibaraza hicho kwa amri ya mashine, asionekane hata karani wa kupelekewa malalamiko.

Haya si mambo ya kubuni. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp, ambazo zote ni za kampuni moja, zilizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilizolazwa chini ya bahari ziliharibika, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika ya Mashariki, yetu ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Oktoba, 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Siku kama hizo muuzaji aliyekuwa na namba za wateja wake katika daftari aliweza walau kuwapigia simu. Asiyekuwa nazo alikaa akiitazama bidhaa yake.

Na Kariakoo wanalijua jambo hili kwa njia iliyo chungu zaidi. Usiku wa Julai 10, 2021, moto uliliunguza jengo kuu la soko, lile lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Wafanyabiashara waliokuwa humo walitawanyika kwenda masoko mengine ya jiji. Mzigo ulioungua waweza kununuliwa tena kwa mkopo. Lakini mteja wa miaka kumi, aliyezoea kuja kwenye kizimba fulani na kumkuta mtu fulani, atajuaje kwamba mtu huyo yuko wapi sasa? Mali bila daftari hupotea bila habari, na mteja ni mali.

Hapo ndipo tunapoitetea barua pepe, chombo ambacho watu wengi wa sokoni hukidharau. Wengi wana anwani kwa sababu tu simu mpya iliwaomba moja ilipowashwa, na neno lake la siri wamekwisha kulisahau. Twakubali kwamba mama anayenunua sahani sita hataisoma barua pepe. Huyo atoshekewe na ujumbe wa simu. Lakini mwenye duka la jumla kule Mbeya, mwenye shule anayetafuta madaftari, na mtu wa manunuzi katika hoteli, hao hutaka bei iliyoandikwa, yenye tarehe na jina la duka, wapate kuionyesha kwa wakubwa wao. Zabuni za Serikali nazo tangu mwaka 2023 hupitia mtandao wa NeST. Nyaya zikikatika barua pepe nayo hukwama, hilo ni kweli; ila orodha ya anwani haipotei. Hunakiliwa, huchapwa katika karatasi, na yaweza kuhamishwa kutoka kampuni moja kwenda nyingine bila ya mteja mmoja kuachwa nyuma.

Utazame mfano wa Feri. Katika soko la samaki la pale Magogoni, lililojengwa upya kwa msaada wa Japani, mnada huanza alfajiri, na changu wa asubuhi si yule wa saa tisa alasiri. Mchuuzi hawezi kungoja mpishi wa hoteli aamke na kuifungua barua. Lakini aweza, jioni iliyotangulia, kuwaandikia wapishi wake kumi barua moja fupi kueleza ni samaki gani wanaotazamiwa na bei ya jana ilikuwa kiasi gani, nao wakajibu kwa kilo wanazohitaji. Alfajiri ataingia mnadani akijua anamnunulia nani.

Wapo watakaozidisha. Mei, 1978, Gary Thuerk, muuzaji wa kampuni ya kompyuta ya Digital huko Marekani, alipeleka tangazo moja kwa mpigo kwa watu wapatao 400 ambao hawakuliomba, akakemewa. Na tangu hapo dunia haijapumzika. Kwetu sisi ambao simu zetu zimechoshwa na matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", mgeni anayeandika bila ya kubisha hodi hudhaniwa mwizi. Basi mteja aulizwe kwanza kama apenda kuandikiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo humpa mtu haki ya kukataa taarifa zake zitumiwe kwa matangazo ya biashara.

Tuna neno pia juu ya desturi ya "bei njoo inboksi". Twaelewa kwamba jirani huchungulia bei apate kuipunguza. Lakini mtu wa Sumbawanga, aliyekwisha kusikia habari za kurasa bandia zinazoiba picha za maduka ya watu na kupokea fedha zisizo na mzigo, huiona bei iliyofichwa kuwa dalili mbaya. Tovuti ndogo yenye jina la duka, jengo, ghorofa, mtaa, namba ya simu na bei, pamoja na kuwekwa kwenye ramani ya Google ambako hakulipiwi kitu, hufanya kazi ambayo picha mia za gauni haziwezi kuifanya.

Tahadhari ya mwisho ni kwa wenye maduka waliomwachia kijana kila kitu. Yeye ndiye aliyeufungua ukurasa, kwa namba yake, na anwani ya barua pepe ni yake, na jina la tovuti limeandikishwa kwake. Siku akigombana na tajiri wake juu ya mshahara, huondoka na duka zima mfukoni. Hatusemi kwamba vijana hao ni wabaya. Wengi wao ndio wanaoziendesha biashara hizo. Lakini anwani ifunguliwe kwa jina la duka, na namba ya simu inayopokea tarakimu za uthibitisho iwe ya mwenye mali, naye asimtajie mtu yeyote tarakimu hizo hata kama mpigaji ajiita ofisa wa kampuni ya simu. Neno la siri liandikwe katika karatasi na kufungiwa pamoja na leseni na mkataba wa pango.