Fahamu: Nani alaumiwe kwa matokeo ya shule za kata kama Makuyuni?

Matokeo ya mitihani yakitoka, katika kata kama Makuyuni wilayani Korogwe lawama huwaangukia walimu. Ni haraka mno. Tangu Januari 2016 elimumsingi ya serikali haina ada. Uandikishaji ulipanda ghafla, huku lengo la mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 likishindikana katika shule nyingi za vijijini. Kisha mtoto aliyesoma kwa Kiswahili miaka saba anaingia kidato cha kwanza na kufundishwa hisabati kwa Kiingereza.

Wapo wasemao zipo shule fukara zinazofaulisha. Kweli, na mkuu wa shule makini ana uzito wake (tena mkubwa), ila juhudi zake hazizai walimu wasiokuwepo. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) liliacha kutangaza shule kumi bora, na lilifanya vyema, kwani orodha hiyo haikuonyesha uhaba huo wa walimu. Mzazi, kwenye mkutano wa shule uliza kwanza: walimu wa hisabati ni wangapi?